"Lisemwalo lipo": Dhana iliyotoka Nachingwea ikarudi na ushahidi



Ndugu yangu Muislamu, leo nataka tuzungumze juu ya dhambi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni dhambi, kwa sababu haina harufu ya pombe wala sura ya wizi. Mtu anaweza kuitenda akiwa na udhu, akiwa amefunga, tena akiwa amekaa kibarazani mwa msikiti akisubiri adhana ya Isha. Ni dhambi ya kulisema jambo usilolijua. Sitatafuta mfano wa mbali. Mfano ni mimi mwenyewe.

Ramadhani ya mwaka 2018 nilikwenda Nachingwea kumtembelea mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Sisi wa upande wa Wamwera tunajua mjomba ni nani, kwa hiyo sina haja ya kueleza kwa nini nilifunga safari kutoka Dar es Salaam katikati ya mfungo. Usiku baada ya tarawehe tulikuwa tukikaa barazani na majirani, kahawa na tende mbele yetu, na mazungumzo yakienda yanakotaka kwenda.

Mazungumzo ya siku zile yalikuwa ni bati za msikiti. Msimu wa korosho wa 2017/2018 bei ilikuwa imepanda sana, watu wakapata pesa, na waumini wa msikiti ule wakachangishana kwa moyo mmoja ili kuondoa paa bovu na kuezeka upya. Michango ilipatikana. Miezi ikapita, bati hazikuonekana wala kenchi hazikuletwa. Wakati huo huo mweka hazina wa msikiti, mtu mzima na mkulima wa korosho, alikuwa amemaliza nyumba ya matofali ya saruji na kuiezeka kwa bati za rangi. Usiku mmoja mzee mmoja akasema kwa utani, "Bati za msikiti mbona zipo? Zimekosea njia tu, zimepanda juu ya nyumba ya mtu." Tukacheka. Nami nilicheka.

Nataka uyatazame maneno yaliyofuata, maana ndiyo mada yangu. Mmoja alisema, "Nasikia alitoa pesa kidogo kidogo." Wa pili akasema, "Inasemekana katibu naye anajua." Wa tatu, "Yaelekea ndivyo." Wa nne akajikinga vizuri zaidi, "Mimi sisemi kitu, ila macho tunayo." Mjomba, Mungu amrehemu, aliuliza swali moja tu: "Nani kamuuliza?" Hakujibiwa. Mmoja akamwambia, "Mzee, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali ikafunga mjadala, tukanywa kahawa.

Siku mbili baadaye nilikwenda Ruangwa kwenye msiba wa jamaa yetu. Ruangwa na Nachingwea si mbali, na zamani zilikuwa wilaya moja, watu wake ni ndugu kwa ndugu. Pale matangani nikaulizwa habari za Nachingwea. Ningeweza kusema mvua ilikuwaje, au bei ya ufuta. Nikasema, "Nachingwea wazima, ila nasikia mweka hazina wao wa msikiti kawala bati." Watu wakaguna. Sikujua kuwa mmoja wa waliokaa kwenye mkeka ule ni ndugu wa mke wa mtu yule. Hakusema neno. Aliinua kikombe chake akaenda kukaa upande wa pili.

Nilirejea Nachingwea kuagana na mjomba kabla ya kurudi Dar. Na pale barazani, mbele yangu mimi mwenyewe, mtu akasema: "Jambo hili si la kuficha tena. Hata Ruangwa wanalijua." Ndugu yangu, neno lile nililibeba mimi. Lilitoka Nachingwea likiwa utani, likapanda gari nami, likarudi likiwa ushahidi. Nami nilinyamaza.

Sasa turudi kwenye elimu. Maulamaa wa fiqhi na usul wameyapanga mambo yanayoingia moyoni mwa mtu katika daraja. Liko jambo ambalo mtu ana uhakika nalo, hilo ni yakini. Liko ambalo upande mmoja una nguvu kuliko mwingine, lakini uhakika haujafika, na upande huo wenye nguvu ndio dhana. Liko ambalo pande mbili zimelingana, hiyo ni shaka. Na ule upande dhaifu, mtu akiushikilia, wanauita wahmu. Kiswahili chetu kimeyachukua maneno haya ya Kiarabu karibu yote, yakini, dhana, shaka, kisha kikaongeza mengine: kisio, fununu, tetesi, uvumi, hisia. Tuna utajiri wa maneno ya kukisia kuliko wa kuthibitisha, na sijui kama hilo ni jambo la kujivunia. (Siku hizi mashuleni vijana wanafundishwa "dhana ya maendeleo" na "dhana ya fasihi", wakimaanisha wazo au maana ya jambo. Si kosa, lugha inakua. Lakini mtoto aliyezoea hivyo anaweza kuisoma aya inayokataza dhana asielewe anakatazwa nini.)

Katika Surat Hujurat aya ya 12, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wajiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Hapo hapo, bila kuweka nafasi, anakataza kupelelezana, kisha anakataza kusengenyana, na msengenyaji anamfananisha na anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Tazama mpangilio huo. Dhana huzaa kuchunguzana, kuchunguzana huzaa kusengenyana, na mwisho wa safari kuna nyama ya maiti mdomoni. Sisi tulianzia kwenye tende na kahawa.

Wala aya haikusema kila dhana ni dhambi. Dini yetu haimtaki mtu awe mjinga asiyeweza kutambua dalili. Msafiri asiyejua kibla hujitahidi akaelekea upande anaoudhania kwa nguvu, na swala yake inasihi. Kadhi huhukumu kwa mashahidi, naye hakuwepo. Hata ndani ya Qur'an yenyewe neno hilo la dhana lipo mahali lilipotumika kwa maana ya kuwa na hakika, kama katika Surat Baqara aya ya 46 wanapotajwa wenye kunyenyekea wanaojua kuwa watakutana na Mola wao. Kinachokatazwa ni kuichukua dhana tupu ukaiweka kwenye kiti cha yakini, ukaitolea hukumu, na hasa ikiwa inamgusa mtu katika heshima yake. Surat Yunus aya ya 36 inatuambia kuwa dhana haisaidii chochote mbele ya haki.

Mtume (S.A.W) naye alitahadharisha kuwa dhana ndiyo mazungumzo ya uongo kuliko yote. Na iko hadithi nyingine, imepokewa na Abu Daud, ambayo kila nikiikumbuka naiona baraza ile ya Nachingwea. Humo Mtume (S.A.W) analitaja neno la Kiarabu "za'amuu", yaani "wamedai", na kulifananisha na kipando kibaya cha mtu. Mtu akitaka kufika kwenye haja yake hupanda mnyama. Na mtu akitaka kufika kwenye heshima ya mwenzake bila ya yeye mwenyewe kuwajibika, hupanda "wamedai". Sisi kwa Kiswahili tunao farasi wetu wengi: "nasikia", "inasemekana", "eti", "watu wanasema". Ukimuuliza mpandaji, atakwambia si mimi, ni farasi.

Wakati wa Mtume (S.A.W) jambo hili lilifika mpaka nyumbani kwake, wanafiki walipomzulia mama wa waumini, Bibi Aisha (R.A). Hakuna aliyeona kitu. Kilichokuwepo ni kuwa alibaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake, akarudi na Safwan bin Muattal (R.A). Dalili mbili hizo zikatosha watu kujaziliza yaliyobaki. Mwezi mzima mji wa Madina ulikuwa katika hali ile, na waliolipokea neno hawakuwa wanafiki peke yao, Waislamu wema pia waliingia. Mwenyezi Mungu aliposhusha utakaso wake katika Surat Nur, aliwalaumu waumini kwa nini walipoisikia habari ile hawakuwadhania wenzao wema. Na katika aya ya 15 anaeleza walivyokuwa wakilipokezana kwa ndimi zao, wakitamka kwa vinywa wasiyo na elimu nayo, wakilihesabu kuwa jambo jepesi, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Jambo jepesi! Ndilo neno ambalo ningelitumia mimi kuuelezea mkeka ule wa Ruangwa.

Nachingwea yenyewe, ukiijua historia yake, ni darasa la somo hili. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka angani, kisha ukaandika ripoti. Ikapendekezwa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, matrekta yakaletwa kung'oa misitu. Lakini takwimu za mvua zilikuwa haba, udongo haukuwa umepimwa ipasavyo, na Kongwa jua lilipowaka udongo ule ukawa mgumu kama sakafu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi zikafutwa kwenye vitabu. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wataalamu wetu siku hizi wana neno zuri, "upembuzi yakinifu". Wanaposema mradi lazima ufanyiwe upembuzi yakinifu kwanza, wanazungumza lugha ya Qur'an bila ya kujua: pepeta, tenga pumba na mchele, mpaka ubakiwe na yakini. Mpango wa karanga ulikosa hilo tu. Waliotazama kutoka juu waliona kijani, wakadhania rutuba. Mweka hazina wetu naye tulimtazama kwa juu juu, tukaona bati za rangi.

Na kukisia kwenyewe si haramu. Katika Kiarabu iko "kharsi", kukadiria mavuno ya tende zikiwa bado mtini, na Mtume (S.A.W) mwenyewe alikuwa akimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A) kwenda Khaibar kukadiria tende za huko. Walitaka kumhonga apunguze, akakataa. Huyo alikuwa mkadiriaji mjuzi, aliyeingia shambani, akatazama mtende mmoja mmoja, tena kwa uadilifu. Lakini neno hilo hilo ndilo lililotumika katika Surat Dhariyat aya ya 10 kuwalaani wakisiaji, wale wanaozungumza mambo ya dini na ya akhera kwa kubahatisha. Mkulima wa ufuta wa Ruangwa anaweza kukwambia shamba lake litatoa magunia mangapi na asikosee sana. Mwulize umjue jirani yake kala nini na kalala wapi, hapo awe mwangalifu.

Nitataja kisa kimoja zaidi cha kusini, kwa sababu kinatuhusu Waislamu moja kwa moja na kina funzo la pande mbili. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya moto wa Majimaji kuzimika, barua moja ilianza kusambaa kutoka Lindi. Ilijulikana kama barua ya Makka. Ilikuwa ni ile ile ambayo hata wewe umeshaipata: Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume (S.A.W) Madina, kaota ndoto, Waislamu wanakufa katika hali mbaya, Kiyama kimekaribia, watu watubie, na atakayeinakili atapata kheri na atakayeipuuza atapata balaa. Waislamu wakainakili na kuipeleka mbele. Maofisa wa Kijerumani nao wakaipata, wakaisoma kwa macho ya watu waliotoka kwenye vita, wakaona humo uasi mpya wa Waislamu wote. Watu wakakamatwa. Barua ikafuatiliwa mpaka Unguja, likatajwa jina la Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyewahi kuwa mkubwa wa Ujiji.

Baadaye mtaalamu wao mmoja wa mambo ya Kiislamu, Carl Heinrich Becker, alipoitazama aliitambua kuwa ni barua ya siku nyingi. Snouck Hurgronje, Mholanzi, alikuwa ameshaiandikia tangu mwaka 1884, kwa kuwa ilizunguka pia miongoni mwa Waislamu wa visiwa vya Indonesia. Yaani uasi wa Lindi uliodhaniwa ulikuwa ni karatasi iliyokwishazunguka dunia.

Mjerumani alidhani, akafunga watu. Hilo tunalisema kwa sauti, na ni haki kulisema, maana Waislamu tumeonja mara nyingi kutuhumiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Lakini je, sisi? Waliokaa Lindi wakainakili barua ile, nani kati yao aliuliza Sheikh Ahmad ni nani, nani anamjua, lini kaota, kampokelea nani? Umma uliobuni elimu ya isnadi, uliomkataa mpokezi wa hadithi kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu, ukapokea agizo la Mtume (S.A.W) kutoka kwenye karatasi isiyo na mwenyewe. Marehemu Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika risala nzima kuikanusha barua hii. Lakini bado ipo. Miaka ya nyuma ilikuja kwa fotokopi ikiachwa mlangoni mwa msikiti, kisha ikaja kwa meseji, sasa iko kwenye WhatsApp, na ni yule yule Sheikh Ahmad, hazeeki wala haachi kuota. Ukiipeleka mbele "kwa tahadhari tu", umempanda yule farasi.

Najua kuna msomaji anasema: basi sheikh, viongozi wa misikiti wale michango yetu, nasi tukae na dhana njema? La hasha. Kuuliza hesabu si dhana mbaya, kuuliza ni dawa ya dhana mbaya. Surat Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuthibitisha habari. Iliteremka, kama walivyosimulia wafasiri wengi, pale Walid bin Uqba alipotumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq, akawaona wametoka kwa wingi kumlaki, akadhani wanataka kumuua, akarudi Madina na habari kuwa wamekataa zaka. Kidogo watu wapigwe vita kwa sababu ya mapokezi mazuri! Kuthibitisha maana yake ni kwenda kwa mhusika. Msikiti unaobandika mapato na matumizi ukutani kila mwezi unawaokoa waumini na dhambi, na unamlinda mweka hazina kuliko kufuli. Kosa letu Nachingwea lilikuwa ni kumtazama mtu kwa jicho la mwizi miezi minne, na hata siku moja tusimwombe karatasi ya benki.

Karatasi ilikuwepo. Pesa zote zilikuwa benki, kwenye akaunti ya msikiti, na ili zitoke ilihitajika saini ya katibu pamoja na ya mweka hazina. Katibu alikuwa mgonjwa, amepelekwa Mtwara kwa binti yake kutibiwa. Mweka hazina alilisema hilo zaidi ya mara moja: pesa ipo, tusubiri katibu. Watu wakasema ndivyo wezi wanavyosema. Nyumba yake ilitokana na korosho zake, kama nyumba nyingi zilizoota kusini mwaka ule. Katibu alirudi baada ya Idd Kubwa, pesa zikatoka, bati zikapanda juu ya msikiti. Siku ya Ijumaa likatolewa tangazo fupi la shukrani kwa waliochangia. Hakuna aliyesimama kutaja kuwa mtu fulani alidhulumiwa.

Na yeye hakuwepo kulisikia. Alikuwa ameshajiuzulu, ameifunga nyumba ile mpya, amehamia Ruangwa kwa wakweze. Huko nako hakupumzika. Mwezi Novemba 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wenye zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba yao kwanza, ili kuwabaini wanunuzi wa kangomba. Mzee yule alikuwa na kilo zaidi ya hizo. Watu wa pale wakaunganisha: kumbe pesa za msikiti ndizo alizonunulia kangomba. Dhana ya kwanza ilikuwa imekwisha kufa Nachingwea, ikazaa mtoto Ruangwa. Wahakiki walipokwenda shambani waliikuta mikorosho yake imesimama, wakaihesabu. Mikorosho haikuwa na maneno mengi.

Habari hizi alinieleza mjomba kwa simu mwanzoni mwa mwaka 2019. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mpwa wangu, lile la matangani lilifika." Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka hadithi ya muflisi, iliyopokewa na Muslim: mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini kamtukana huyu, kamsingizia yule, basi mema yake yanagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa maovu yao. Funga yangu ya Ramadhani ile, tarawehe zangu, safari yangu ya kuunga udugu, nilikuwa nimeshazigawa zote Ruangwa juu ya mkeka. Na maulamaa wamesema toba inayohusu haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Ni lazima umrudishie haki yake au akusamehe.

Nikapanda basi.

Nilimkuta nje ya nyumba ya wakweze, anachonga mpini wa jembe. Nikamtolea salamu na kumpa shikamoo. Aliitikia, akanitazama kwa muda. "Wewe ni mpwa wa Mzee wa Nachingwea. Yule wa matangani." Nikasema ndiye mimi. Nikamweleza nililolisema, neno kwa neno, na kwamba sikuwa nimeona kitu wala kumuuliza mtu, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alisikiliza bila ya kuacha kuchonga. Nilipomaliza akasema:

"Mwanangu, mimi nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwangu limekwisha. Lakini siku ile ulisema mbele ya watu. Je, hao nao utawaendea?"

Nilikuwa nimebeba kilo tano za sukari na kanzu ya zawadi. Sikuwa nimebeba jibu la swali hilo.

Tukakaa, yeye na shemeji yake, yule aliyehama na kikombe chake, tukawahesabu waliokuwepo kwenye mkeka. Walikuwa kumi na mmoja. Shemeji aliwakumbuka wote, na mahali alipokaa kila mmoja. Niliandika majina nyuma ya tiketi ya basi. Siku tatu nilizokaa Ruangwa nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikipiga hodi na kusema jambo moja: niliyoyasema juu ya mtu fulani sikuwa na ujuzi nayo, na ni uongo. Wengine walishangaa. Mmoja alisema alikuwa ameshasahau, nikaona haya zaidi. Mwingine alikuwa amekwisha kulipeleka neno lile Liwale, akaniahidi kuwa naye atalifuata.

Saba niliwapata safari ile, wengine safari za baadaye. Mmoja alikuwa amefariki kabla sijafika, nikamwombea dua na kutoa sadaka, na nikawaeleza watoto wake. Mweka hazina hakurudi kuishi Nachingwea mpaka leo, ile nyumba ya bati za rangi anakaa mwanawe. Wa kumi na mmoja katika orodha yangu sijampata. Nimeambiwa yuko Mbagala, nyuma ya Rangi Tatu, na nimeshakwenda huko mara mbili nikiuliza. Ila hilo la Mbagala nalo nimeambiwa tu.